Pini ya Saa Moja Jioni

Jumamosi ile uwanja wa kuegesha magari wa duka kubwa haukuwa na nafasi hata ya baiskeli. Kituo cha kuokoa wanyama kilikuwa kimefunga turubai, kikapanga vizimba mistari miwili, kikaleta na spika iliyokwaruza masikio. Watu walisukumana kuelekea vizimba vya mbele, kwa watoto wa mbwa wenye masikio malaini. Huko nyuma hakukuwa na msongamano.

Fundi cherehani hakufuata mbwa. Alifuata uzi mweupe wa koni, na njia fupi ya kwenda dukani ilipita chini ya turubai. Alivaa gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, lenye mifuko minne, kwa sababu hakuelewa mwanamke anaishi vipi na miwili. Utepe wa kupimia ulikuwa bado unaning'inia shingoni, ameusahau kama kawaida yake.

Kwenye kizimba cha mwisho alisimama mbwa mzee mwenye mdomo wenye mvi. Alikuwa ameupa umati mgongo na kuutazama ukuta wa bati, maana hakuona tofauti. Kibao chake kilisema: *Miaka kumi na tatu. Ana kisukari. Macho yamefunikwa na mtoto wa jicho. Sindano mbili kwa siku. Anatafutiwa mlezi wa muda.*

"Huyu," fundi akamwambia muuguzi wa kituo.

"Huyu," ikasema sauti nyingine papo hapo.

Aligeuka. Mwanamume mrefu, shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakasirika, harufu ya spiriti ya kunyolea, na vinywele vya watu wengine kwenye kola.

"Nimetangulia mimi," fundi alisema.

"Umetangulia kusema. Kufika nimetangulia mimi."

"Ulifika ukasimama tu kama mlingoti."

"Nilikuwa namsalimia. Kwani wewe ukikutana na mzee huanzi na salamu?"

Fundi akamtazama kutoka juu hadi chini, akaona alichokitafuta. "Shati lako mkono mmoja ni mrefu kuliko mwingine. Aliyekushonea alikuwa na ugomvi na wewe?"

Mwanamume akanyoosha mikono yote miwili, akaipima, akacheka. "Miaka mitatu nalivaa na hakuna aliyeniambia!"

Muuguzi, mama wa makamo aliyechomeka kalamu kwenye nywele, alikuwa amechoka na jua. "Mkimaliza kupimana mnisikilize. Sindano ni saa moja asubuhi na saa moja jioni, baada ya chakula, kila siku ya Mungu. Mtu mmoja hawezi. Mnafanya kazi wapi?"

Wakataja mtaa. Ulikuwa mmoja. Karakana ya fundi na kibanda cha yule bwana, ambaye alikuwa kinyozi, vilitazamana, barabara katikati, na mwaka mzima hawakuwahi kuonana, kwa kuwa wote wawili kazi yao ni ya kuinamisha kichwa.

"Basi chukueni wote wawili," alisema muuguzi, akachomoa kalamu. "Mlezi mkuu ni wewe dada, mlezi msaidizi ni huyu kaka. Mnaishi nyumba moja?"

"Hapana!" wakajibu pamoja, kwa haraka kiasi kwamba muuguzi aliwatazama tena kabla ya kuandika. Kisha akawapa onyo lake la mwisho, akilihesabia kwa kidole. "Dawa hii ni ya kuheshimu. Sindano ikizidi, sukari inashuka, mbwa anakufa. Ukiwa na shaka kama ameshachomwa au bado, usichome."

*

Walimwita Babu.

Babu alitandikiwa mkeka kwenye pembe ya karakana, chini ya kioo kirefu ambacho wateja hujitazamia wakijaribu nguo. Fundi alimchoma asubuhi. Jioni kinyozi ndiye aliyevuka barabara kumchoma, mkono mwepesi kama anapanga nywele za mtoto mchanga. Mwanzoni waliandika kwa chaki ukutani, lakini shangazi yake fundi, aliyeishi naye na kufagia hata vivuli, alifuta kila kitu. Ndipo fundi akabuni njia yake. Alipigilia mto mdogo wa pini kando ya kioo, juu ya mkeka, akanunua pini mbili zenye vichwa vya rangi: nyeupe ya asubuhi, bluu ya jioni. Ukishachoma, unachomeka pini kwenye mto; kabla ya zamu inayofuata inachomolewa. Mto mtupu maana yake bado. Pini zake za kazi zote zilikuwa za chuma kitupu, kwa hiyo hakuna la kuchanganya.

Kila jioni, saa moja kasoro dakika tano, simu ililia.

"Babu amekula?"

"Amekula. Mimi ndiye sijala."

"Basi nakuja na chakula cha mtu mmoja na sindano ya mwingine. Angalia tu usinichanganyie."

"Wewe njoo. Domo kama mashine yako ya kunyolea."

Shangazi alizisikia simu hizo, akatikisa kichwa. "Mbwa kipofu, lakini si yeye peke yake asiyeona humu ndani."

Alikuwa hajakosea. Kinyozi alianza kukaa nusu saa baada ya sindano, kisha saa nzima. Fundi alianza kuvaa gauni la zambarau siku za kazi. Wakawa wanamtoa Babu matembezi ya jioni, katikati yao, akigusa mguu wa huyu, akigusa mguu wa yule, ili ajue njia iko wapi. Wakati mmoja aliwapeleka wote wawili hadi kwenye mfereji, nao hawakuona, walikuwa wanatazamana.

Vinyozi wa mji mzima walipotangaza mashindano yao, kinyozi akaja na kitambaa cheupe chini ya kwapa. Mshindi angepewa nafasi ya kufundisha katika chuo cha vinyozi, kitu alichokiota tangu alipokuwa akinyolea chini ya mti wa watu kwa wembe wa kuazima.

"Nishonee koti, mpenzi. Nikisimama pale jukwaani wajue nina mtu."

"Simama wima. Pumua."

"Nikipumua utapima uongo."

"Nyanyua mikono, kama unanyoa utosi."

Akainyanyua. Fundi akapitisha utepe kwenye kwapa, akaandika, akaupitisha tena ingawa alikuwa ameshaandika.

"Hicho kipimo umeshakichukua," kinyozi alinong'ona.

"Nahakikisha," alisema fundi, sikio lake moja likiwaka moto.

*

Ilikuwa Jumanne. Mwalimu wa chekechea aliyekuwa karibu kuolewa alikuja kupimwa urefu wa gauni lake la harusi. Saa moja ilimkuta yuko chumba cha kubadilishia, akipambana na vifungo, na fundi yuko chumba cha nyuma anapiga pasi shela kwa mvuke. Babu alikuwa ameshakula.

Mwalimu alipotoka, fundi alimsimamisha mbele ya kioo na kupiga magoti. Gauni lilikuwa na pindo refu kama safari. Alifanya kazi kwa mdomo uliojaa pini, akichomoa moja moja, na zilipomwishia akachukua pale mkono ulipofika, macho yakiwa kwenye kitambaa. Mwalimu alisimulia ukumbi, akasimulia mawifi, akaondoka saa moja na nusu. Gauni likatundikwa.

Fundi akageuka. Mto ulikuwa mtupu.

Akapiga simu. Ikaita hadi ikachoka. Akapiga tena. Kutoka ng'ambo ya barabara alisikia mashine zikinguruma, na ndani ya dirisha aliona mgongo wa kinyozi umeinama juu ya kichwa cha mtu. *Leo kanogewa na kazi,* aliwaza, bila hasira bado. Hakuwa na shaka yoyote, mto ulikuwa mtupu. Akatoa dawa kwenye friji, akavuta kipimo, akamchoma.

Saa mbili na robo Babu alijaribu kusimama, miguu ikamkatalia. Akaanza kutetemeka, kisha mwili mzima ukakakamaa na kupiga sakafu. Fundi alipiga ukelele uliomfanya shangazi aangushe sufuria. Wakampaka asali kwenye fizi kwa vidole, wakamfunga kwenye shuka, wakakimbia naye kituoni.

Kinyozi alifika akihema, kitambaa cha mteja bado kiko begani.

"Kimetokea nini?"

"Ulimchoma?"

"Ndiyo, saa moja kamili. Hukuwepo, nikamchoma nikarudi mbio, nilimwacha mtu nusu kichwa."

"Na pini?"

"Niliichomeka."

"Mto ulikuwa mtupu!"

"Niliichomeka, Fundi. Kwa mkono huu."

"Muongo!" Neno lilitoka kwa nguvu hadi paka wote wa chumba cha pili wakanyamaza. "Kama uliichomeka iko wapi? Nimepekua mto, nimepekua sakafu. Hata pini yenyewe hujui ulikoitupa! Na mimi nimemchoma mara ya pili. Kwa mkono wangu!"

Muuguzi alitoka na fomu. Babu alikuwa hai, mezani, bomba la maji ya sukari likiingia mguuni. "Nimeandika dozi mbili," alisema. "Sasa nataka kujua kosa ni la nani. Likiwa la mlezi msaidizi, namfuta, hamgusi tena huyu mbwa. Likiwa la mlezi mkuu, mbwa anabaki hapa."

Kinyozi alimtazama fundi. Kisha alimtazama Babu muda mrefu.

"Andika mimi," alisema. "Sikuchomeka pini."

Fundi alihisi kitu kimefunga kifuani, kama droo. Kwangu amekana, mbele ya muuguzi amekiri. Kumbe alijua muda wote!

*

Kuna watu wanaokasirika kwa kelele. Fundi hakuwa mmoja wao. Hasira yake ilikuwa ya watu wa sindano, ya kukaa chini na kwenda hatua kwa hatua. Aliifungia simu ya kinyozi isiingie tena. Akamwambia kila mama aliyeleta suruali ya mwanawe kwamba ng'ambo ile wembe hauchemshwi. Akaona wateja wawili watatu wakipita mlango ule bila kuingia, akala chakula chake kwa utulivu.

"Mwachie Mungu," shangazi alisema.

"Mungu ana kazi nyingi, Shangazi. Hili nitamsaidia."

"Mwanangu, moyo wako una mifuko kama magauni yako. Kila mtu umemtilia kitu humo."

Fundi alikuwa amekunja magoti kando ya Babu, akimfuta macho kwa pamba. Mzee alirudi siku ya tatu, amepungua, na kila saa moja kasoro dakika tano aliinua kichwa kuelekea mlangoni na kusubiri. Hilo ndilo lililomchoma fundi kuliko yote. Kila jioni alipoona kichwa kile kinainuka, alirudi mezani na kulivuta lile koti jeupe.

Angeweza kumrudishia kitambaa chake hivyo hivyo, bila kukishona. Lakini hapana. Alilishona kwa uzuri ambao hajawahi kumpa mteja yeyote. Kola ilisimama kama imeapishwa. Vifungo vilikaa mstari mmoja, mfuko wa mkasi ukapata kifuniko. Makwapa tu ndiyo aliyoyapiga bandi, ule mshono wa muda wa kushikiza nguo kabla haijapita mashine, uzi mlaini unaokatika kwa kidole. Juu yake alipitisha pasi hadi usingeona kitu. Alijua vipimo. Mikono ikiwa chini, koti lingekaa vizuri kama sanamu. Ikinyanyuliwa kufikia utosi, mbele ya ukumbi mzima, mikono ya koti ingetoka.

Mwisho akachukua mkasi na kuitoa lebo ya karakana yake kwenye kola. Aibu ile ilikuwa na mwenyewe mmoja tu.

"Mpelekee," alimwambia shangazi.

Shangazi alirudi baada ya dakika kumi. "Amelipokea kwa mikono miwili. Hakulijaribu hata."

"Akasema nini?"

"Kauliza kama Babu anakula."

"Ananitega huyo."

"Labda. Au labda anataka kujua kama Babu anakula."

*

Siku ya mashindano iliangukia siku ya mwalimu wa chekechea kuchukua gauni lake. Mashindano yangeanza saa nne. Saa tatu na nusu fundi alikuwa na wepesi wa ajabu mwilini, akipiga mluzi, akitazama saa ya ukutani kama anayesubiri keki itoke jikoni.

Mwalimu aliingia kwenye gauni, akazunguka mara moja mbele ya kioo, akaruka.

"Uwii! Fundi, umenichoma!"

"Haiwezekani. Nilizitoa zote."

"Basi kuna iliyokukimbia. Hapa kwenye pindo, kwa ndani."

Fundi akapiga magoti, akalikunjua pindo. Kitu kikang'aa. Akakivuta kwa kucha.

Kichwa cha bluu.

Ilikuwa pini ya jioni. Kisha macho yake, yenyewe, yakapanda kutoka kwenye pindo hadi kwenye mto uliopigiliwa kando ya kioo, mahali ambapo mkono wa mtu aliyepiga magoti unafika bila kunyooshwa. Akanyoosha mkono. Ulifika.

"Fundi, ni pini tu, sijafa," mwalimu alisema. "Mbona umekaa chini?"

"Ilikuwa kwenye mto," alisema fundi, lakini si kwa mwalimu. "Aliichomeka. Nikaichomoa mimi."

Alipiga simu. Ya kinyozi ikaita hadi ikachoka, kama jioni ile. Saa nne kasoro dakika kumi. Akachukua sindano, akachukua uzi mweupe wa koni, ule ule, akavitia kwenye mifuko yake.

"Na gauni langu?"

"Shangazi atakufungia! Shangazi! Babu asitoke!"

Dereva wa pikipiki aliulizwa kama anaweza kwenda haraka, akajibu kwamba hajawahi kuulizwa swali tamu kama hilo.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Jukwaani viti vinane, vioo vinane, vinyozi wanane. Kinyozi wake alikuwa kiti cha tatu, na koti lile lilikuwa jeupe kuliko taa. Fundi alijipenyeza kati ya magoti ya watu. Mikono ya kinyozi ilikuwa bado chini, ananyoa pembeni ya masikio. Sasa shingo. Sasa anazunguka mteja.

"Usinyanyue," fundi alisema, lakini ukumbi ulikuwa unapiga makofi.

Akainyanyua.

Mkono wa kulia wa koti ulitoka kwanza, kwa sauti ndogo ya karatasi. Wa kushoto ukafuata, ukateleza hadi kwenye kiwiko kama soksi iliyochoka. Watu walicheka, kwanza safu ya mbele, kisha wote, kicheko cha kugonga viti. Kwa siku kumi na tisa fundi alikuwa amekisikia kicheko kile kichwani mwake na kukipenda. Sasa alisukuma magoti ya watu akielekea jukwaani.

Mshereheshaji akasogeza kipaza sauti. "Kaka, samahani! Tutajie fundi wako, tumkwepe mapema!"

Kinyozi alitazama mkono uliotoka. Alilitazama kwapa, akaushika ule uzi kati ya vidole viwili. Aliyekaa jioni zote zile karakanani aliujua uzi wa bandi. Uso wake ulibadilika, na fundi akaona kuwa amejua.

"Fundi wangu hana kosa," alisema kwenye kipaza sauti. "Nimenenepa."

"Muongo!"

Ukumbi mzima uligeuka. Mwanamke mwenye gauni la mifuko minne alikuwa anapanda ngazi za jukwaa.

"Hajanenepa! Nimempima mwenyewe. Koti nimelishona mimi, na makwapa nimeyapiga bandi kwa makusudi ili yaachie hapa mbele yenu. Fundi wa kukwepwa ni mimi."

Mteja aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa ikiwa msitu na nusu uwanja, alisema, "Jamani, na mimi nipo."

"Kwa nini?" kinyozi aliuliza. Hakupaza sauti.

Fundi akafungua kiganja. Pini ya bluu. "Ilikuwa kwenye pindo la bibi harusi. Niliichomoa kwenye mto bila kutazama."

Kinyozi aliitazama pini hiyo muda mrefu kiasi kwamba mshereheshaji akaanza kukohoa. Kisha akageuza bega.

"Nina dakika kumi na mbili. Shona."

"Usitikisike."

"Nanyoa."

"Basi nyoa chini chini. Nikimaliza wa kulia ndipo unyoe juu."

Kinyozi alimaliza wa sita kati ya wanane. Nafasi ya chuo alipewa kijana wa kiti cha kwanza, na alistahili.

*

Nje, kinyozi alisimama kwenye ngazi na sanduku lake la mashine.

"Ulijua hukukosea," fundi alisema. "Kwa nini ukamwambia aandike wewe?"

"Alisema likiwa lako Babu anabaki kizimbani. Anatazama ukuta wa bati. Nikaona bora nifutwe mimi."

"Na mimi nikakushonea aibu."

"Aibu yenye kola nzuri lakini." Hakucheka alipolisema. "Ulikuwa na ndoto yangu mkononi, Fundi. Ulivijua vipimo vyake vyote."

Fundi aliichomeka sindano kwenye koni ya uzi, akavirudisha mfukoni. "Naenda kituoni kumwambia muuguzi."

"Usiende. Watamchukua."

"Umeshasema uongo mara mbili kwa ajili yangu. Siwezi kuvaa wa tatu."

Muuguzi alisikiliza habari yote bila kumkatiza, kalamu kwenye nywele. Mwisho muuguzi alivua miwani.

"Nilisema ukiwa na shaka usichome."

"Sikuwa na shaka. Hilo ndilo kosa langu."

Muuguzi alifungua faili, akafuta mstari, akaandika mwingine. "Msaidizi wako nimemrudisha kuanzia leo. Wewe, sijui. Mzee amepona kwenye mikono yako, uzito wake mzuri, na umekuja mwenyewe. Lakini walezi wa nyumba mbili, mto wa pini, kuvuka barabara, hapana. Mgonjwa wa namna hii ni wa nyumba moja. Nakupa hadi mwisho wa mwezi. Ukiniletea fomu yenye kisanduku hiki, cha walezi wanaoishi nyumba moja, kimejazwa, abaki. La sivyo, namfuata."

Fundi alitoka na fomu. Ilikuwa saa kumi jioni. Aliifungua namba ya kinyozi aliyoifungia siku kumi na tisa, akapiga.

"Wamekurudisha," alisema.

"Na Babu?"

"Kuna kisanduku kwenye fomu. Kile tulichokikataa kwa haraka."

Mashine ya kunyolea ilizimwa upande wa pili.

"Umeninyima sauti yako siku kumi na tisa," kinyozi alisema. "Ukanitoa mikono mbele ya mji mzima. Unataka nijibu sasa hivi?"

"Ndiyo."

"Nitajibu saa moja."

"Masaa matatu! Unalipiza?"

"Nalipiza," alisema, akakata.

Yalikuwa masaa marefu kuliko pindo la mwalimu. Fundi alifumua sketi ya mtu isiyo na kosa na kuishona upya. Shangazi alipita na ufagio mara nne.

"Yanauma, ee?"

"Shangazi, tafadhali."

"Sijasema kitu. Nafagia tu."

Saa moja kasoro robo Babu alikula. Saa moja kasoro dakika tano simu haikulia. Fundi alivuta dawa, akaishika, akaitazama. Babu aliinua kichwa kuelekea mlangoni kama jioni zote, ila safari hii mkia wake ulipiga mkeka mara moja, mara mbili, kisha ukashindwa kutulia.

Kinyozi aliingia na begi.

"Wee!" Shangazi alitokea na ufagio umeshikwa kama bunduki. "Mlango huu hauingii mwanamume na begi kabla hajaleta wazee wake!"

"Wanakuja Jumapili ijayo, Shangazi. Masaa matatu yote nilikuwa nawapigia. Mjomba mmoja hasikii vizuri, nilimweleza mara saba." Akapiga magoti mkekani, akaipokea sindano kutoka mkononi mwa fundi, akamchoma Babu. Mzee hakushtuka, aliramba tu vinywele vya watu wengine kwenye kiganja kile. "Begi ni la koti."

Akalitoa. Makwapa yake yalikuwa na mshono wa jukwaani, mbaya, wa haraka.

"Hili utalifumua lote," alisema. "Ulishone kwa mashine, mara mbili. Na mwakani nitapanda nalo tena jukwaa lile lile."

"Nitalishona."

"Na lebo yako uirudishe."

Fundi akafungua mfuko wa tatu wa gauni lake. Lebo ilikuwa humo, hajaweza kuitupa. "Ndani ya kola?"

"Nje. Mgongoni. Wasome wote."

Akampa pini ya bluu. Kinyozi aliitazama, akamtazama yeye, akautazama ule mto ulio karibu mno na mkono wa fundi. Kisha akapanda juu ya kiti na kuichomeka kwenye fremu ya mlango, juu kabisa, mahali ambapo mtu wa kufika alikuwa yeye peke yake.

"Na siku usipokuwepo?" fundi aliuliza.

Kinyozi alishuka, akachukua fomu mezani, akatafuta kalamu.

"Siku gani hiyo?" alisema, akaanza kujaza kisanduku.